Mwaka Niliochelewa Kuitika

Wewe uliye na mgonjwa wa kiharusi ndani, aliyepooza upande na kukatika maneno, haya nayaandika kwako kwanza, yeye baadaye. Yeye najua yuko wapi. Wewe ndiye unayeweza kumrudisha au kummalizia mbali, na lolote utakalomfanyia utalifanya kwa mapenzi, hapo ndipo penye hatari. Mie elimu yangu darasa la nne, na naandika kwa mkono wa kushoto kwenye daftari la mistari, kwa hiyo habari za damu na mishipa waulize waliosoma. Nitakueleza nilivyopotea na nilivyorudi. Na walionikosea nitawataja majina. Wapo hai, wapo hapahapa Temeke, wakisoma wakakasirika mlango wangu wanaujua.

Naitwa Athumani Mfaume. Mke wangu ni Bi Pili, na Mungu alitujalia mtoto mmoja tu, Zuhura. Kazi yangu ilikuwa kupasua mbao kwa msumeno wa watu wawili. Gogo linalazwa juu ya shimo, mmoja anasimama juu yake, mwenzake yupo chini shimoni, msumeno mrefu kuliko mtu una mshikio huku na huku. Wa juu anavuta, wa chini anavuta, mnafuata mstari mliouchora kwa uzi na weusi wa betri kuukuu. Miaka hiyo ruksa ya kila mtu kufanya biashara ilikuwa imeshaingia, kule Mbweni waliojaliwa walikuwa wanaporomosha majumba na mbao zilikuwa hazitoshi. Mie juu, Maganga chini. Miaka kumi na moja.

Maganga ni Mnyamwezi, mie Mzaramo, kwa hiyo ni watani. Asiyejua utani ajue hivi: mtani wako ana haki ya kukutukana hata msibani, na wewe una wajibu wa kumjibu. Ukinyamaza umeshindwa. Sie asubuhi tulikuwaga tunaanza na matusi, tukishika msumeno tunakaa kimya. Kimya hicho ndicho nataka ukielewe. Simwoni, yuko shimoni, unga wa mbao unammwagikia kichwani, lakini nikitaka kupumzika anaacha kabla sijasema. Akichoka bega najua, navuta mie zaidi. Hakuna aliyekuwa anamwongoza mwenzake. Ungetuuliza nani anaanza, tungebishana mpaka jioni.

Siku yenyewe ilikuwa mwisho wa masika, ardhi bado inanuka maji. Tulikuwa kwenye gogo la mkongo, saa nne asubuhi hivi. Aliyejua naumwa si mie. Ni Maganga. Alisikia msumeno unachelewa kurudi.

"We Mzaramo!" akapiga kelele toka chini. "Umeota ngoma huko juu? Vuta!"

Nikataka kumjibu. Tusi nilikuwa nalo, zuri kabisa, limekaa tayari. Halikutoka. Nikatazama mkono wangu wa kulia, bado umeshika mshikio, lakini ulikuwa kama mkono wa mtu mwingine aliyesahau kuuondoa pale. Msumeno ukaenda upogo nje ya mstari.

"Athumani?" Hapo aliniita jina, na Maganga hakuwahi kuniita jina.

Nikaangukia ubavu juu ya gogo. Yeye alitoka shimoni na unga wake kichwani, akanibeba mgongoni mpaka barabarani.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi. Wewe mwenye mgonjwa benchi hilo unalijua, lile la mbao lililong'arishwa na makalio ya watu. Mate yananichuruzika, Bi Pili ananifuta kwa ncha ya kanga. Mdogo wangu Shaibu akafika, kavaa shati la mtumba jipya, maana alikuwa ameshakuwa dalali wa viwanja na hatembei ovyo. Tukaitwa dirishani. Karani pale, jina lake silijui, ana mwanya na miwani iliyofungwa uzi, akaniuliza:

"Jina lako, mzee?"

Nikavuta pumzi. Jina langu nalijua! Nilikuwa naliona. Nilikuwa nalifuata, nimebakiza kidogo tu.

"Anaitwa Athumani Mfaume," Shaibu akasema. "Huyu hajitambui, andika tu."

Karani akaandika: hajitambui. Nililisoma neno hilo kichwa chini miguu juu, mie niliyeambiwa sijitambui. Angesubiri kadiri ya mtu kunywa maji glasi moja, ningefika. Hakusubiri, na neno lile likanifuata kwenye kila karatasi mwaka mzima. Wewe karani, kama bado upo dirishani pale, jifunze kusubiri.

Nililazwa wiki tatu. Mguu ulirudi nusu, nikawa naukokota. Mkono ulibaki unaning'inia. Nikarudishwa nyumbani kipupwe kimeingia, nikawekwa barazani na mto mgongoni.

Pale barazani nikaanza kuona jambo ambalo mtu mzima wa afya halioni. Watu wakizungumza hawangojani. Mmoja hajafika mwisho wa maneno yake, mwenzake ameshavuta pumzi ya kujibu, na anajua hasa pa kuingilia. Vichwa vinatikisika pamoja. Mmoja akiegemea ukuta, baada ya kidogo na mwingine anaegemea. Kicheko kinawashika wote sawia. Hakuna anayewafundisha, wala wenyewe hawajui kama wanafanya. Nikasema moyoni, kumbe watu wote ni wapasua mbao. Kila wawili wana msumeno kati yao, ila hauonekani. Mie wangu umetoka kwenye mstari. Wanazungumza mpira, mie ndiyo kwanza jibu langu la habari ya mvua linapanda kooni. Ninapofungua mdomo wote wananyamaza kwa adabu, wananitazama, na kule kunitazama ndiko kunakozima kila kitu.

Neno moja lilirudi lenyewe. Watoto wa mtaa wakipita wanasema, "Shikamoo babu," na siku moja mdomo ukatoa, "Marahaba." Bi Pili alitupa ufagio. Alilia, akaita majirani. Furaha ile haikudumu, maana neno lile lilikuwa limekuja peke yake na halikutaka kuondoka. Unataka chai? Marahaba. Unaumwa wapi? Marahaba. Nataka kusema nipelekeni chooni, inatoka marahaba. Ndani najua kabisa si lenyewe. Nalisikia linatoka kama mtu anavyosikia mlango wa jirani.

Hapa sasa aingie Shaibu.

Kabla sijaugua, kijana mmoja fundi redio, Idrisa, alileta barua ya posa kwa Zuhura. Zuhura anamtaka, mie nilikubali. Sasa Shaibu alikuwa na mtu wake, mzee mwenye malori aliyekuwa ananunua kwake viwanja vya Mbweni, na mzee huyo alikuwa anatafuta mke wa tatu. Mie mzima asingethubutu hata kumtaja. Mie wa marahaba, akathubutu. Binti huozeshwa na baba yake. Baba akiwa hana akili, babu hayupo, kaka hana, uwalii unakwenda kwa baba mdogo. Baba mdogo ni nani? Ni yeye.

Akamleta Sheikh Kondo, imamu wa mtaani kwetu, mtu mzuri asiyependa makuu. Wakaketi mkekani mbele yangu.

"Kaka," Shaibu akasema harakaharaka kama anayenadi, "Zuhura ni nani wako? Leo siku gani? Hii nyumba nani kajenga? Idrisa unamjua humjui?"

Maswali manne kwa pumzi moja! Mie nimeshika la kwanza, natafuta neno mwanangu, yeye yuko la nne.

"Marahaba," nikasema.

Shaibu akamgeukia Sheikh, akafungua viganja. "Umesikia mwenyewe, Sheikh. Mie sina la kuongeza. Inaniuma, ni kaka yangu wa tumbo moja, lakini akili imekwenda."

Zuhura alikuwa mlangoni. "Baba mdogo, akili haijaenda," akasema. "Unamkimbiza."

"Wewe ukae kimya, haya mambo ya wanaume."

Sheikh Kondo alinitazama muda mrefu. Nilimtazama na mie, sikupepesa. Akasema, "Kijana keshaleta posa na baba alishakubali, hilo lina mashahidi. Ndoa iwe Ramadhani ikishapita, baada ya Idi. Siku hiyo nitakuja. Athumani akitamka mwenyewe kumuozesha bintiye, na nikaona anajua anachotamka, yeye ndiye walii na imekwisha. Akishindwa, Shaibu, neno litakuwa lako."

Basi hilo ndilo lililokuwa shingoni kwangu. Miezi minane hivi kupata maneno yasiyofika kumi. Nikishindwa, mwanangu anakwenda kwa mzee wa malori.

Shaibu hakuridhika. Akamleta mganga, Kindamba wa Mtoni, na huyu namtaja kwa jina lake lote la kazi ili mumkwepe. Kindamba akafukiza ubani, akanizunguka, akasema nimekaliwa na jini anayekula sauti. Kila sauti inayoingia kwangu jini anashiba. Dawa ni kumnyima chakula: asisemezwe mtu huyu, wala watu wasizungumze mbele yake, mpaka jini aone njaa aondoke.

Na watu wangu wakakubali. Bi Pili akakubali! Simlaumu sasa, lakini nilimlaumu sana. Alikuwa anataka nipone, na mtu anayetaka sana hupokea chochote. Nikahamishiwa chumba cha nyuma. Chakula kinaletwa, kinawekwa, mtu anatoka kwa vidole vya miguu. Zuhura alikuwa ananishika bega tu, midomo kaibana. Siku ya kumi hivi mtoto akapita dirishani, akasahau, akasema shikamoo. Nikafungua mdomo. Hata marahaba haikuwepo.

Hapo niliogopa kufa kuliko siku ya gogo. Nikwambie alichonifanyia Kindamba: alimchukua mtu aliyepoteza mwendo, akamwondolea wote wa kutembea nao. Akili ya mtu haikai sawa peke yake. Nilikuwa nalala mchana, naamka sijui kama nimewaza au nimeota. Wewe mwenye mgonjwa, ukisahau yote humu shika hili moja: usimnyamazie.

Siku nyingine mchana nikasikia kelele uani. Maganga alikuwa amekwenda Kimbiji kupasua minazi na mtu mwingine, ndiyo kwanza karudi.

"Shikamoo mjomba," sauti ya Zuhura, ya kunong'ona.

"Marahaba. Mbona mnanong'ona, kuna maiti?"

"Baba haruhusiwi kusemezwa, mjomba. Mganga kakataza."

"Kawakataza nyie. Mie mtani. Mtani hakatazwi na mganga."

Akaingia. Akavuta kigoda, akakaa mbele yangu magoti yetu karibu kugusana, akanitazama usoni.

"Ehee. Mzaramo. Nimesikia umekufa nusu. Nimekuja kuchukua nusu yangu. Ipi ni yangu, hii ya kulia? Mbovu! Ndiyo mnavyotupaga Wanyamwezi siku zote, mabovu. Na huo mdomo umepinda hivyo, au ndiyo mtindo mpya wa kupiga zumari?"

Alisema kwa mwendo wake wa kawaida, hakupunguza hata kidogo, hakupandisha sauti kama wanavyofanya watu kwa kiziwi. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyenifanyia tangu niugue. Akangoja. Hakuangalia pembeni. Hakunisaidia neno. Alikaa pale kama anavyokaaga shimoni, anajua msumeno utarudi, kwa sababu zamu ni yangu. Nikaona kifua chake kinapanda, na changu kikapanda. Kikashuka, na changu kikashuka. Sijui ilichukua muda gani. Nzi alitua mara mbili kwenye mguu wake, hakumfukuza.

"M," nikasema.

Akatikisa kichwa kidogo.

"M... mpa. Mpa-ga-zi."

Maana Wanyamwezi sie tunawatania kwa upagazi, kubeba mizigo ya watu toka enzi za babu zao.

Maganga akapiga paja. "Kanitukana! Zuhura! Bi Pili! Njooni, mgonjwa wenu kanitukana!" Machozi yanamtoka na bado anatukana. "Mpagazi mie? Nani alikubeba mgongoni toka kwenye gogo, kama siyo mpagazi? Mbwa wewe, na uzito wote ule!"

Bi Pili aliingia mbio. Alinitazama, akamtazama Maganga, akaenda moja kwa moja kwenye chetezo cha Kindamba, akakitoa uani na kukimwaga majivu. Siku hiyo nyumba yangu ilirudi kuwa na kelele.

Vuli ilipoanza, Maganga alinipeleka kwenye chumba cha mazoezi hospitalini. Benchi lilelile, ila safari hii nilikuwa na mtu wa kugombana naye. Mle ndani alikuwepo Sista Rehema, binti mdogo mnene mwenye mikono ya nguvu. Alininyoosha vidole, nikapiga mayowe, akacheka. Maganga akamweleza habari ya mpagazi. Sista akasema:

"Baba, maneno usiyatafute peke yako. Tafuta mtu myaseme pamoja, sauti moja, muda mmoja. Watu wakifanya kitu pamoja, hata kuzungumza tu, bongo zao zinashikana mwendo. Wako umepotea njia, haujafa. Wa mwenzako utauvuta."

Mie hilo halikunishangaza. Nimefanya kazi hiyo miaka kumi na moja.

Tukaanza nyumbani na Alhamdu, sura ya kwanza ya Kurani. Peke yangu nilikuwa nakwama neno la kwanza. Zuhura akakaa mbele yangu, akavuta pumzi, nikavuta, tukaingia wote, na ikatoka yote! Mpaka amin. Tulitazamana kama wezi. Tukarudia, akanyamaza katikati, nikaanguka palepale. Tukarudia tena. Ikawa ndiyo kazi ya kila asubuhi, kabla sijanywa chai. Baadaye alikuwa ananipandisha kwa sauti, kisha anapunguza, anapunguza, anabakiza midomo tu inacheza, na mie naendelea kwa kuitazama.

Kwa Bi Pili ikawa vita. Yeye ana haraka, ni mtu wa sokoni, maneno yake yanatembea mbele yake. Mie nikisema "Ni-pe ma..." yeye ameshamaliza: "Maji? Maandazi? Mafuta?" Siku moja nilisukuma sahani ikavunjika.

"Nakusaidia, Baba Zuhura! Nakusaidia unavunja sahani zangu!"

"U-na-ni-pita," nikamwambia.

Akakaa chini. Alilia kwa hasira, siyo kwa huruma, na hiyo ilinifaa. Toka siku hiyo nikianza kusema alikuwa anatia ncha ya kanga mdomoni, anaiuma, mpaka nimalize. Kanga zake zote za mwaka ule zina ncha zilizotafunwa. Ukija nitakuonyesha.

Maembe yakaiva, yakaisha. Maganga akawa ananipeleka kwenye magogo yake. Ananikalisha kwenye kigogo kifupi, msumeno mdogo, mkono wangu wa kushoto kwenye mshikio. "Usivute," anasema, "fuata tu." Anavuta, nafuata. Na kila msumeno unaporudi tunasema neno moja, yeye na mie, sauti moja. Hesabu. Siku za wiki. Majina ya watu wanaomdai matusi. Kisha maneno ya ndoa, maana alikuwa ameyakariri yote, yeye Mkristo. "Nimekuozesha. Binti yangu. Zuhura." Wapasuaji wengine walikuwa wanapita wanatucheka. "Maganga, umepata mke?" "Mke gani," anawajibu, "hii ni mashine ya kigeni, naitia ufunguo."

Sikudanganyi kwamba ilipanda moja kwa moja. Ramadhani ilinirudisha nyuma, nilifunga bila ruhusa ya Sista, nikadhoofika, siku tatu nikabaki na marahaba tena. Shaibu alikuwa anapita barazani kila Ijumaa. "Vipi kaka, maneno?" Na kabla sijavuta pumzi ameshaondoka. Alijua anachofanya. Kindamba alikuwa mjinga, karani alikuwa mvivu, lakini Shaibu alikuwa ameshagundua kwamba kunikimbiza kunanizima, na njia hiyo akaitumia. Huyo ndiye sijamsamehe.

Idi ikapita. Siku ya ndoa mvua ilinyesha asubuhi, ikakatika. Chumba kilijaa, viatu mpaka uani. Sheikh Kondo kakaa, mie kulia kwake, Idrisa mbele yangu na kanzu iliyompwaya. Shaibu kajisogeza nyuma ya bega la Sheikh, tayari. Maganga alibaki barazani, dirishani namwona kichwa tu. Zuhura yuko chumba cha pili na wanawake, pazia kati yetu.

Sheikh akaunganisha mikono yetu. Mkono wangu wa kulia hauna nguvu, akaushikisha kwenye wa Idrisa.

"Athumani, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Huyu nani?"

"Idrisa."

"Unataka kufanya nini leo?"

Shaibu akakohoa. "Haya kaka, jibu basi, watu wanangoja!"

Nilihisi kila kitu kinazima. Uso wa Shaibu ulikuwa karibu, na macho yangu yalikuwa yanataka kwenda kwake. Sikuyaacha yaende. Nikamtazama Idrisa. Alikuwa anahema juujuu, kama mtu aliyekimbia, na kwa mwendo ule siwezi kusema kitu. Kwa hiyo nikavuta pumzi ndefu mie kwanza, taratibu, bila haraka yoyote, nikaitoa. Nikavuta tena. Ya tatu, mtoto wa watu akawa ameingia, kifua chake na changu kimoja. Hapo nikasema, siyo kwa Shaibu, siyo kwa chumba. Kwake.

"Nimekuozesha. Binti yangu. Zuhura. Kwa mahari. Mliyokubaliana."

Nikasikia matone ya mwisho yanadondoka kutoka kwenye bati. Nyuma ya pazia mwanamke mmoja akavuta kigelegele, akazibwa mdomo, maana bado. Jibu linatakiwa lifuate hapohapo. Bwana harusi aseme amekubali.

Bwana harusi hakusema.

Alifungua mdomo. Akaufunga. Macho yamemtoka, jasho linateremka shavuni. Mzima wa afya, fundi redio, mdomo wake haukosi maneno, na neno moja limemgomea.

"Idrisa?" Sheikh akasema.

"Semaa!" mtu akapiga kelele. "Sema, mwanaume!" Wote wakaanza, sema, sema, na nikaona wanavyomzima, namna ileile. Shaibu akainuka nusu. "Sheikh, kama kijana mwenyewe hataki..."

Nikaubana mkono wa Idrisa kwa nguvu yote niliyonayo, ambayo ni kidogo. Akanitazama. Sikumwambia sema. Nikavuta pumzi waziwazi ili aione, akavuta. Nikaanza kuchezesha midomo bila sauti, na yake ikafuata, na katikati ya neno sauti yake ikatokea:

"...mekubali. Nimekubali kumuoa Zuhura. Kwa mahari tuliyokubaliana."

Kutoka dirishani Maganga akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabara kuu, "Jamani, hebu tuelezeni sie wageni, mgonjwa ni yupi humo ndani?"

Chumba kikapasuka. Vigelegele vikatoka nyuma ya pazia, hakuna aliyevizuia. Hata Sheikh Kondo alishindwa, akajifuta macho, akamgeukia Shaibu. "Akili ya walii nimeiona," akasema. "Tusome dua." Shaibu alitafuta viatu vyake uani mapema kuliko wote. Sikumwita arudi kula, na wala sijuti.

Mkono haujapona, na msumeno mkubwa sitaushika tena. Maneno yangu yanatembea polepole, asubuhi mazuri, jioni mabovu. Usimwahidi mgonjwa wako zaidi ya hapo. Lakini hapo ni pengi, nakwambia mie niliyefika.

Siku ile baada ya pilau Idrisa alikuja akakaa karibu yangu, bado ana aibu. "Baba," akasema, "nilipokwama pale, ulijuaje la kufanya?"

Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa refu na nilikuwa nimechoka, na kila neno lilibidi nilifuate lilipo. Nikaanza. "Huko u-li-ko-kuwa," nikasema, nikakwama. Mbele yangu watu wanakusanya masinia, Bi Pili kasimama na kanga yake mdomoni. Idrisa hakuangalia pembeni wala hakunitafutia neno. Alikaa vilevile, mikono magotini, akaningoja mpaka nikamaliza: "Nimeishi huko mwaka mzima."